Kuunda mashua ndogo ya tanga nyumbani, kuanzia mkuku mpaka siku ya kuishua

Kabla hujanunua hata ubao mmoja chukua tepu ukapime geti lako, alafu pima njia yote kutoka nyumbani mpaka ufukweni. Mashua ya futi 16 ina upana wa futi 5 na nusu hivi, ukiiweka juu ya magogo inakuja kiunoni au kuzidi, kwaiyo kama geti ni la futi 4 au pale kwenye kona kuna nguzo ya umeme utakuja kubomoa ukuta siku ambayo watu wote wameshafika kuvuta chombo na maji yameshaanza kutoka. Ukiweza kuazima sehemu chini ya mwembe karibu na pwani, unda huko huko. Na kivuli usikidharau, ubao ukipigwa na jua moja kwa moja unapasuka kabla hata hujaupigilia msumari, kama hakuna mti funga turubai au ezeka makuti juu ya nguzo nne, inatosha.

Ninachozungumzia hapa ni mashua ya mbao ya kutembea pwani, watu watatu au wanne, maji na chakula cha kulala kisiwani usiku mmoja au miwili, au safari ya siku moja kama ya Pangani hadi kisiwa cha Maziwe na kurudi, au kuzunguka visiwa vya Mafia, Kilwa, Lamu, ndani ya mwamba. Sio chombo cha kuvukia Pemba wakati kusi (upepo wa kusini) limechachamaa. Wapo watakaokwambia uchukue ngalawa, na ngalawa ni chombo kizuri kweli, chepesi, kinakimbia, ila inataka gogo kubwa la mti mmoja na ndani yake hakuna pa kulaza mzigo wala mtu. Wapo watakaokwambia plaiwudi na gundi ya epoksi. Inafanya kazi, wala sipingi, lakini angalia unachouziwa: ile marini bodi yenye uso wa kahawia au mweusi iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni ya kumwagia zege, katikati yake mara nyingi kuna mapengo, ukitaka kuijua chemsha kipande kwenye sufuria masaa kadhaa uone kama matabaka yataachana.

Mi ushauri wangu ni huu, unda umbo ambalo pwani yako tayari inalijua. Mashua ya kwetu ina mkuku (ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo) mnene unaokaa mchangani bila shida maji yakitoka, ina omo (mbele ya chombo) iliyolala inayopanda wimbi, na ubao ukipasuka ukiwa Kilwa au Kizingitini kuna fundi atakutolea na kukuwekea mwingine kwa vifaa alivyonavyo. Hata pale Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walipounda Flipflopi kwa plastiki iliyorejelewa, chombo cha mita 9 kilichoshuliwa, yaani kushushwa majini, mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikaenda kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar, walibadilisha mbao tu, umbo waliacha lile lile la mafundi wa pwani. Ukiwa huna uzoefu usianze kubuni umbo jipya.

Ndo maana kazi ya kwanza kabisa sio kukata mbao, ni kumtafuta fundi. Nenda Mkokotoni, Nungwi, Jibondo, Matondoni, Pangani, popote ulipo karibu, umkute fundi mzee kwenye mashua anayoiunda, mpe shikamoo yake, kaa, angalia. Usimwendee na michoro ya kwenye simu. Muombe upime mashua iliyopo pale: urefu wa mkuku, upana pale katikati, kina, umbali kati ya taruma na taruma (zile mbavu za ndani), unene wa mbao. Andika yote kwenye daftari. Mafundi wengi wanaunda kwa jicho, hawaandiki, na kile wanachokibeba kichwani ni hesabu kabisa, kwaiyo wewe unayeanza daftari ndo jicho lako. Alafu mlipe aje nyumbani kwako katika siku zile muhimu, siku ya kusimamisha mkuku, siku ya ubao wa kwanza na siku za kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Hizo siku tatu usizifanye peke yako, kwingine jipe moyo.

Msimu nao unahesabika. Anza masika yakishaisha, mwezi wa sita hivi, ufanye kazi kipindi chote cha kiangazi, ili mvua za vuli zikukute umeshafunga mbao zote na kaskazi (upepo wa kaskazini) likiingia Desemba chombo kiko tayari. Kama unafanya wikiendi tu hesabu mwaka mzima na usijilaumu, ila nunua mbao mapema zikae kivulini zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite.

Tukija kwenye mbao zenyewe. Kwa mkuku, omo na fashini (ule mti wa nyuma ambao usukani unaning'inia) tafuta mti mgumu, mvule au mbambakofi, kiini chake sio ule weupe wa nje, maana weupe ndo wa kwanza kuoza na kuliwa. Mvule una tabia moja, ndani yake wakati mwingine kuna mawe kabisa, chokaa iliyoganda, itakuvunjia meno ya msumeno, kwaiyo pasua taratibu, na vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa barakoa. Mbao za ubavuni zikiwa za mvule ni raha ila bei yake unaijua, watu wengi wanatumia mwembe ambao ni rahisi kupatikana, unapindika vizuri lakini haudumu sana, unahitaji matunzo zaidi. Mninga mzuri pia. Mataruma hayapasuliwi kwenye mbao iliyonyooka, hapana, unatafuta matawi yaliyojipinda yenyewe, mtondoo ndo sifa yake hiyo, au mlilana, ambao ni mkoko, kwa wale wa Lamu, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata pindo na taruma haliwezi kukatika pale kwenye kona. Ukilichonga kwenye ubao mnyoofu nyuzi zinakatizwa na siku chombo kikigonga mwamba litavunjika papo hapo. Kuhusu mikoko kumbuka haikatwi hivi hivi, Tanzania bara kibali kinatoka TFS, wakala wa misitu, Kenya ni KFS, shirika la misitu la huko, na kanunue kwa muuzaji mwenye karatasi, maana ile mikoko ndo inazuia bahari isile fukwe zetu na ndo samaki wanakozaliana.

Kukagua ubao: utazame kwa urefu wake kama unavyotazama bunduki, uone kama umejikunja, gonga kwa nyundo usikie sauti, kataa wenye vifundo vikubwa hasa karibu na ncha, kataa wenye ufa unaokimbia kwenye kiini. Usiwe mkavu kupita kiasi na usiwe mbichi. Mbichi utasinyaa na kuacha mianya, mkavu sana ukiingia majini utavimba kwa nguvu mpaka uvute misumari. Nusu ukavu, fundi akishika atakwambia.

Zana sio nyingi. Tezo (kama shoka dogo la kuchongea), msumeno, randa, patasi, nyundo, keekee au drili ya umeme, timazi, pimamaji, uzi, jiriwa kadhaa za kubania na kamba nyingi. Kama una pesa ya zana moja tu nzuri iweke kwenye tezo, chuma kizuri kinachoshika makali, na jifunze kuinoa. Misumari ndo usibane matumizi kabisa. Nunua ile ya chuma iliyochovywa zinki, ya kuchovya kwenye moto sio ya kupaka kwa umeme, inchi 3 na nusu hadi 4 kwa mbao za ubavuni ili ibaki ncha ya kupinda ndani, inchi 4 au zaidi kwenye mkuku, na boliti zake kwa maungio makubwa. Misumari ya kawaida ya kuezekea nyumba itaota kutu, kutu inakula na mbao iliyo pembeni yake, miaka miwili unakuta kila tundu limekuwa kidonda cheusi. Wazee wa mitepe walishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na wakasafiri, kwaiyo sio kwamba msumari ni lazima, ila ukishaamua kutumia msumari tumia wa haki.

Haya, mkuku. Kwa futi 16 mkuku wenye futi 11 au 12 unatosha, unene inchi 3 na kimo inchi 5, kwa sababu omo imelala mbele sana na inaongeza urefu wenyewe. Uweke juu ya magogo matatu manne yaliyozikwa kidogo ardhini yasitikisike, kimo cha kutosha wewe kuingia chini kulala chali na nyundo. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya mkuku, uhakikishe umenyooka, pimamaji pande zote. Mkuku uliopinda hata kidogo unazaa chombo kinachovuta upande mmoja maisha yake yote na hakuna usukani wa kukirekebisha. Maungio ya mkuku na omo yawe ya kupishana, yale ya kukata mshazari, urefu wa mshazari angalau mara nne ya unene wa mti, katikati paka chokaa na mafuta na pamba alafu boliti mbili tatu. Nyuma vile vile, fashini lisimame na ubao mpana wa tezi (nyuma ya chombo) upigiliwe hapo, timazi ikining'inia katikati yake ianguke juu ya uzi wa mkuku. Ukimaliza funga omo na tezi kwa miti ya kuegemeza kushoto na kulia. Kabla ya kusonga mbele chonga mfereji pande zote mbili za mkuku, ndimo ubao wa kwanza utakapokaa. Mfereji huu unabadilika pembe, katikati ya chombo ubao unalala, ukifika omo unasimama, kwaiyo unachonga kidogo unajaribisha kipande cha ubao unachonga tena.

Hapa mafundi wanatofautiana. Wengi wanapanda mbao mbili tatu za chini kwanza ndo wanaingiza mataruma kufuata umbo lililojitokeza, na wanaweza kwa sababu jicho lao linajua. Wewe simamisha mataruma matatu ya kuongozea kwanza, moja pale mlingoti utakapokaa, moja katikati penye upana wote, moja kati ya hapo na tezi, kwa vile vipimo ulivyochukua kwenye daftari. Yafunge kwa ubao juu yasicheze. Alafu chukua ufito mrefu mwembamba unaopindika, uzungushie kutoka omo kupitia mataruma yote hadi tezi, uufunge, rudi nyuma hatua kumi utazame. Tazama upande huu, tazama ule, tazama ukiwa umechuchumaa. Ufito ukiwa na kibiongo mahali basi taruma la hapo limezidi, lichonge, ukiwa na bonde weka kipande cha kujazia. Hili zoezi usilikimbize, hata kama ni siku mbili nzima unachonga unatazama, maana umbo la chombo linaamuliwa hapo na baadae utakuwa unalifunika tu.

Mataruma mengine yatafuata umbali wa inchi 12 hadi 14, unene inchi 2 kwa 2 yanatosha, yale yanayovuka juu ya mkuku yawe manene zaidi. Kitu kimoja kinasahauliwa sana, chini ya kila taruma kando ya mkuku acha kitundu cha kupitisha maji, kidole kimoja kipite, ili maji yote yakimbilie ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) ambako utayafua, yaani kuyachota na kuyatupa nje, kwa urahisi. Bila hivyo kila chumba kinabaki na dimbwi lake na ukiangalia baada ya mvua mbili mbao imeanza kunuka.

Kupanda mbao ndo kazi ndefu. Unene wa inchi moja kabla ya randa, upana inchi 6 mpaka 8, na kwa vile mbao nyingi dukani ni za futi 12 lazima uunge, basi maungio yapishane, ungio la ubao huu lisikae karibu na la ubao wa juu yake, yaachane kwa mataruma matatu. Anza na ubao wa kwenye mfereji wa mkuku. Huu ndo mgumu kuliko zote kwa sababu unajisokota kuelekea omo. Uloweke kwenye maji ya bahari usiku kucha, mchana washa moto mdogo wa makumbi chini yake huku unaumwagia maji, usiungue, uchemke tu, alafu uubane na jiriwa upande wa katikati na uvute taratibu kwa kamba na kijiti cha kusokotea kuelekea omo, dakika chache unavuta unaacha unavuta. Ukisikia unalia simama. Watu wawili au watatu hapa ni lazima.

Ili ubao wa pili ukae sawa na wa kwanza paka mkaa kwenye ukingo wa ule uliopo, bana mpya juu yake, gonga, toa, pale palipopata weusi ndo panapogusa, randa hapo, rudia mpaka weusi uenee ukingo mzima. Ndani mbao zigusane kabisa, kwa nje uache mwanya mdogo wa milimita 2 hadi 3 wa kuingiza pamba. Panda upande wa kushoto ubao mmoja, upande wa kulia ubao mmoja, usimalize upande mmoja kwanza, chombo kitavutwa na kupinda na ule uzi wa mkuku utakuwa umepoteza kazi yake.

Kila msumari toboa tundu kwanza, dogo kidogo kuliko msumari wenyewe, kama msumari ni milimita 6 toboa 5. Zungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta ya nazi chini ya kichwa cha msumari, pigilia mpaka kichwa kizame ndani ya ubao, mwenzako ndani akiwa ameshikilia chuma kizito kupinda ncha irudi kwenye taruma kufuata nyuzi za mti. Tundu la kichwa liziwe baadae na chokaa iliyokandwa na mafuta. Inachosha, mkono unauma, na ndo kitu kinachofanya mashua ibaki kavu miaka mingi, kwaiyo kama siku hiyo umechoka acha uende nyumbani, msumari uliopigwa kwa hasira unapasua ubao wa siku nzima.

Ubavu ukishafika juu funga ukingo kwa ubao mnene ndani na nje, weka mbao za kukalia, tatu zinatosha, ambazo pia ndo zinashika mbavu zisifunguke. Ile ya mbele itakayoegemea mlingoti iwe nene na ifungwe na boliti kwenye mataruma. Kikalio cha mlingoti chini kisikae juu ya mkuku peke yake, kilalie mataruma matatu au manne, kwa sababu tanga likijaa upepo mlingoti unasukuma chini kwa nguvu kubwa sana na unaweza kufungua mbao za chini.

Kalafati. Mruhusu fundi akuonyeshe futi mbili za kwanza alafu umfuate. Pamba inasokotwa iwe kamba laini, inachovywa kwenye mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), inaingizwa kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti, kwa mikunjo midogo midogo, pigo sawa sawa. Ikiwa legevu maji yanapita, ikikazwa mno unasukuma mbao mbali na mataruma. Sauti inabadilika pamba inapojaa, inakuwa nzito, na sikio litajifunza ndani ya siku moja. Baada ya hapo ziba juu yake kwa chokaa iliyochekechwa na kukandwa na mafuta mpaka iwe kama unga wa chapati. Chini kunakokaa majini paka deheni ya chokaa na shahamu, au rangi maalum ya kuzuia viumbe vya baharini kama utaipata, juu paka mafuta au rangi unayoipenda. Ndani ngamani mi napendelea mafuta tu bila rangi, ili ubao unaoanza kuoza uuone mapema.

Na tafadhali usivishe faiba juu ya mashua ya kalafati. Najua inatamanisha, unaona boti za watu ziko laini zinang'aa. Mbao za namna hii zinavimba na kusinyaa kila siku, faiba haiendi nazo, inapasuka nyufa ndogo ndogo, maji yanaingia katikati hayatoki, na mbao inaoza huku nje ukiona mashua mpya.

Mlingoti wa futi 13 hivi, mti ulionyooka, na ulale mbele kidogo sio wima, ukae theluthi ya chombo kutoka omo au nyuma ya hapo kidogo. Foromali (mti mrefu unaoshika tanga) iwe ndefu kuliko mashua, futi 18, wengi wanaunganisha miti miwili, mnene chini na mwembamba juu, inafungwa kwa kamba katikati na ile sehemu ya juu inajipinda upepo ukizidi, jambo ambalo linakusaidia. Henza (kamba ya kutweka foromali) ipite kwenye kapi juu ya mlingoti. Tanga la pembe tatu lenye futi 18 kwenye foromali, 15 nyuma na 14 chini linakupa karibu mita za mraba 9 na nusu, linatosha kabisa kujifunzia. Merikani nzito ndo kitambaa cha jadi na kinashonwa vizuri na cherehani ya fundi wa maturubai, ila kinaoza kikihifadhiwa kibichi, dakroni ni ghali na inadumu. Ukingo unaofungwa kwenye foromali usiukate mnyoofu, upe mviringo kidogo wa kama inchi 6 katikati, ili tanga lipate tumbo. Shona dasi ya kamba kuzunguka kote, pembeni bila dasi tanga linavutika na kupoteza umbo mwezi wa kwanza. Alafu shona na tanga la pili dogo, nusu ya lile, kwa ajili ya siku za kusi, kwa sababu tanga letu halipunguzwi kirahisi baharini kama matanga ya kizungu, unalitua unatweka dogo.

Usukani ufanye mpana, uning'inie kwa vyuma vilivyochovywa zinki, fundi wa kuchomelea atakutengenezea, ila ncha yake ya chini iishie inchi mbili tatu juu ya mkuku. Ukipwelewa mchangani mkuku ndo unabeba uzito, usukani ukishuka chini zaidi utang'olewa.

Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, watu wanaweka mawe au viroba vya mchanga. Kwa mashua ndogo mi nashauri madumu ya lita 20 yaliyojaa maji ya kunywa, yamefungwa vizuri kando ya mkuku yasihame. Manne ni kilo 80, unayanywa safarini, na chombo kikijaa maji hayakizamishi kama mawe kwa sababu ndani ya bahari dumu la maji matamu karibu halina uzito. Alafu madumu mengine matupu yaliyofungwa kabisa yafunge chini ya mbao za kukalia omo na tezi, hayo yatakubeba siku mbaya. Makasia mawili, upondo, upo wa kufulia maji pamoja na ndoo yenye kamba, nanga mbili, dira, tochi, jaketi la kuokolea kwa kila mtu hata anayejua kuogelea, simu kwenye mfuko usioingiza maji. Kuhusu karatasi, bara nenda TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA (mamlaka ya bahari ya huko), kaulize mapema wanataka nini kwenye ukaguzi kabla hujapaka rangi, maana kama wanataka kitu kiongezwe ni rahisi wakati huo.

Siku ya kushua chagua bamvua, yaani maji makubwa, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kwa pwani yetu maji ya bamvua yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, kwaiyo teremsha mashua asubuhi maji yakiwa mbali, iache mchangani kwenye magogo laini ya minazi, jioni bahari itakuja yenyewe kuichukua. Pikia watu chakula, waliokuja kuvuta wale washibe. Itavuja. Usishtuke, mbao zilikuwa kavu, iache kwenye kina kifupi imejaa maji ndani siku mbili au tatu ivimbe ijifunge, ndo uifue uangalie ni wapi bado panalia, uweke alama kwa chaki, siku ya bamvua inayofuata maji yakipwa saa nne asubuhi upige tena pamba hapo.

Tanga la kwanza lijaribu asubuhi na umande, upepo mdogo wa nchi kavu, ukiwa na mtu anayejua kupindua tanga la foromali, maana kulipitisha mbele ya mlingoti kwenye upepo ndo mahali mtu anaweza kutupwa majini. Kaa ndani ya ghuba wiki za kwanza. Ukianza kwenda mbali toka alfajiri, bisha kwanza, yaani enda kwa mshazari, upande upepo unakotoka ili kurudi iwe rahisi, soma utabiri wa bahari wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania) na jedwali la maji, mwambie mtu wa nchi kavu unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Kipindi cha tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo unageuka hovyo ila bahari huwa tulivu na ni wakati mzuri wa kujifunza.

Baada ya hapo ni matunzo. Kila mwezi hivi ilaze mchangani kwa bamvua, kwangua chini, choma kwa miali ya makuti makavu ukiipitisha haraka haraka ili kuua minyoo inayotoboa mbao, usikaze moto mahali pamoja ukayeyusha kalafati, alafu paka deheni upya. Ikiwa imeegeshwa ifunike juu kwa makuti au turubai, maji ya mvua ndo yanaozesha mashua kuliko ya bahari, na yale ya bahari kidogo ngamani wala hayana madhara. Pia usiiache juani kavu mwezi mzima bila kuimwagia maji ya bahari, mianya itafunguka na itabidi uanze tena na pamba kuanzia ubao wa juu.